SPRINGI ZA NYUMA: TUJUE UGONJWA KABLA YA KUNUNUA DAWA



Masomo yetu yaliyo mengi huwa juu ya mikarafuu yenyewe: kupalilia, kuchuma bila ya kuvunja matawi, kuanika. Safari hii twataka kuzungumza juu ya kitu kisichoota shambani, lakini kikiharibika karafuu hazifiki sakafuni wala kituo cha kuuzia. Kitu hicho ni springi za nyuma za gari.

Tumechagua somo hili kwa ajili ya jambo tuliloliona wenyewe msimu uliopita. Mwanachama mmoja alikuwa na pikapu iliyoanza kulala upande wa kushoto. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akafungua springi, akakuta bapa moja limevunjika katikati, akalitoa na kutia mawili ya gari kuukuu. Gari likasimama juu, fedha zikalipwa, kila mtu akafurahi. Baada ya siku chache dereva akaanza kulalamika kwamba usukani hauendi sawa, akaambiwa kasoro iko magurudumu ya mbele. Jioni moja gari likiteremka kilima na magunia ya karafuu mbichi, na wachumaji wamekaa juu ya magunia, ekseli ya nyuma ilisogea upande mmoja, tairi likasuguana na bodi, na gari likaenda kujiegemeza kwenye ukingo wa njia.

Twamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Mchumaji mmoja alivunjika mkono. Karafuu nazo zililala ndani ya magunia usiku kucha zikapata moto, na kila mmoja wetu ajua karafuu za namna hiyo hutoka vipi zikianikwa: zimesinyaa, zina rangi ya kufifia, na daraja la kwanza hazilipati tena.

Gari lilipofunguliwa mara ya pili ndipo ukweli ukajulikana. Bapa la kwanza halikuvunjika kwa uzee. Lilivunjika kwa sababu bolti zinazobana springi na ekseli zilikuwa zimelegea, na fundi alizirudisha bolti zile zile, na nyuzi zake zimekwisha. Alitibu jeraha, asiulize lililojeruhi. Basi somo letu lote ni hili moja: usibadilishe kitu katika springi mpaka ujue kwa nini kile cha zamani kiliharibika.

SEHEMU ZA SPRINGI NA KAZI ZAKE

Pikapu nyingi na vigari vidogo vya mizigo tuviitavyo keri vina springi za mabapa nyuma, yaani vyuma vipana vilivyopindwa kidogo na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kisha kifupi kisha kifupi zaidi. Kila upande una springi moja.

Bapa refu kuliko yote ndilo bapa kuu. Ncha zake mbili zimekunjwa zikawa matundu. Tundu la mbele hufungwa kwenye chesisi kwa bolti, nalo halisogei. Tundu la nyuma hufungwa kwenye shakeli, yaani vipande viwili vya chuma vinavyoning'inia na kucheza, kwa sababu springi ikibonyezwa na mzigo huwa ndefu zaidi na lazima ipate pa kwendea. Ndani ya kila tundu mna bushi, mara nyingi ya mpira, ili chuma kisisuguane na chuma.

Katikati, mabapa yote yametobolewa na kupitishwa bolti moja iitwayo sentabolti. Kichwa cha bolti hii hukaa katika kitundu kilichomo kwenye kikalio cha ekseli. Hicho ndicho kinachoonyesha ekseli ikae wapi. Lakini nguvu ya kuishika ekseli isiende mbele wala nyuma si ya sentabolti. Ni ya zile bolti nne kila upande zenye nati, ambazo kwa kweli ni vyuma viwili vilivyopindwa kama herufi U, na mafundi huziita yubolti. Yubolti zikibana sawasawa, mabapa na ekseli huwa kama kitu kimoja. Zikilegea, mambo mawili hutokea. Kwanza, mabapa huanza kupinda pale pale kwenye tundu la katikati, ambapo chuma ni kidogo, na huvunjika hapo. Pili, sentabolti hubeba kazi isiyo yake, mwisho hukatika, na ekseli huwa huru kutembea.

Shokapu ni kitu kingine kabisa. Haibebi mzigo. Kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kuruka baada ya kuingia shimoni. Mwenye gari aliyelala upande mmoja akinunua shokapu mpya, gari litaendelea kulala vile vile.

NAMNA YA KUCHUNGUZA

Uchunguzi huu hauhitaji chombo cha ghali. Wataka futi ya kupimia, uzi mrefu, tochi, brashi ya waya na spana. Mwenye gari aweza kuufanya mwenyewe pamoja na dereva wake kwa muda wa saa moja. Fuateni mpango huu bila ya kuruka hata hatua moja.

1. Anzeni na matairi. Tairi lenye upepo mdogo, au dogo kuliko mwenzake, hulaza gari kama springi mbovu. Tieni upepo sawa kulia na kushoto, na hakikisheni kwamba matairi yote mawili ya nyuma ni ya kipimo kimoja.

2. Wekeni gari mahali palipo sawa, bila ya mzigo. Mahali panapofaa kuliko pote shambani ni sakafu ya kuanikia, lakini tandikeni turubai kuukuu kwanza, maana harufu ya mafuta ikiingia sakafuni itaingia na karafuu. Pimeni kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu mpaka ukingo wa bodi, kulia kisha kushoto, mkaandike. Sasa ligeuzeni gari lielekee kule lilikotoka, mkapime tena. Upande ulio chini ukibaki ule ule, kasoro imo garini. Ukihama, iliyoinama ni sakafu.

3. Pimeni umbali wa magurudumu. Nyosheni usukani sawasawa, kisha vuteni uzi kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande mmoja kisha wa pili. Katika pikapu zetu za kawaida vipimo hivi viwili hutakiwa kulingana. Upande mmoja ukizidi kwa kiasi cha kuonekana wazi, ekseli ya nyuma imesogea, na gari hilo lisiendeshwe mpaka litengenezwe. Dalili yake njiani ni kwamba gari huenda kama kaa: mbele yaelekea njia, nyuma yafuata pembeni. Dereva wa pikapu tuliyoitaja hakuwa na kosa. Usukani wake ulimwambia habari za nyuma, watu wakazitafuta mbele.

4. Safisheni springi kwa brashi ya waya, kisha pitisheni tochi polepole kila bapa, pande zote mbili. Tafuteni ufa. Mara nyingi ufa huonekana kama mstari mwembamba wa kutu nyekundu unaokata bapa. Angalieni hasa karibu na katikati, chini ya yubolti, na karibu na matundu ya ncha. Mabapa yanayotokeza pembeni badala ya kukaa sawa juu ya wenzao pia ni dalili: ama vifungo vyake vimekatika, ama sentabolti imekwisha.

5. Tazameni yubolti. Kutu ya unga mwekundu ikizunguka nati au ikitoka kati ya springi na kikalio, kuna kitu kinachosuguka hapo. Jaribuni kila nati kwa spana. Ikizunguka kwa urahisi, mmepata chanzo cha matatizo mengi.

6. Tazameni shakeli na bushi. Ingizeni chuma kirefu kati ya shakeli na springi, mkakisukume. Pakicheza sana, au mpira umepasuka na kutoka nje, bushi zimekwisha. Angalieni pia shakeli isiwe imeganda kwa kutu. Sisi wa kisiwani tuna hewa ya chumvi, na shakeli iliyoganda huifanya springi iwe ngumu kama gogo. Abiria hurushwa, na bapa kuu huvunjika.

7. Mwisho ndiyo shokapu. Bonyezeni kona ya nyuma ya gari kwa nguvu, mkaiachie. Ikipanda na kutulia, njema. Ikiendelea kunesa, shokapu imechoka. Iliyolowa mafuta ubavuni imevuja, nayo haitengenezwi ila hubadilishwa.

DALILI NA MAANA ZAKE

Gari limelala upande mmoja bila ya mzigo: bapa limevunjika, au springi ya upande huo imelegea kwa kubebeshwa kupita kiasi.

Gari limekaa chini pande zote mbili: springi zote zimechoka, au mzigo umezidi.

Kishindo kimoja, "ko!", kila gari linapoondoka au kufunga breki: yubolti zimelegea, au bushi ya mbele imekwisha.

Mlio wa kukwaruza katika njia mbovu: mabapa yana kutu, au bushi zimekauka.

Nyuma yaendelea kunesa baada ya shimo, au matairi yamelika kwa mabakabaka: shokapu.

Gari laenda kama kaa: ekseli imesogea. Simamisha gari.

MATENGENEZO

Kwanza kabisa ni usalama. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Zuieni magurudumu ya mbele kwa vigingi, kisha wekeni stendi za chuma chini ya chesisi. Asiye na stendi atumie magogo mapana ya mti mgumu yaliyopangwa vizuri. Matofali ya saruji na mawe ya matumbawe hayafai hata kidogo, kwa sababu hupasuka ghafla bila ya kutoa ishara.

Kama sentabolti imekatika, kazi yenyewe ni hii. Chesisi ikisha shikwa na stendi, ekseli ishikwe na jeki yake mbali. Fungueni shokapu upande wa chini, kisha yubolti, mkashushe ekseli kidogo tu, huku mkiangalia mpira wa breki na waya wa breki ya mkono visivutike. Ekseli isiachwe ikaning'inia kwenye mpira wa breki. Kabla ya kutoa sentabolti, banani mabapa kwa klampi mbili, moja kila upande wa bolti. Mabapa yamepindwa kwa viwango mbalimbali na yakiachiwa huruka. Vidole vimewahi kupotea kwa njia hiyo. Tieni bolti mpya ya unene ule ule, iliyotengenezwa kwa kazi ya springi. Bolti laini ya dukani haitadumu. Kichwa chake kielekee kwenye ekseli. Inueni ekseli polepole mpaka kichwa kiingie kabisa katika kitundu chake. Hapa ndipo wengi hukosea: wakikaza nati wakati kichwa kimekaa juu ya ukingo wa kitundu, siku ya pili bolti imekatika tena.

Yubolti zilizovutika au zilizolika nyuzi zisirudishwe. Nunueni mpya, nazo ni rahisi kuliko springi, sembuse mkono wa mtu. Kazeni nati kwa zamu, kidogo kidogo na kwa mshazari, ili zibane sawa. Mkishusha gari chini, kazeni tena. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kazeni mara ya tatu, kwa sababu mabapa hujipanga upya yakibebeshwa na nati hubaki na nafasi. Safari hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo iletayo hasara.

Bushi za mpira nazo zina siri yake. Bolti za matundu zisikazwe mpaka mwisho wakati springi inaning'inia. Kazeni gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira utakazwa ukiwa umejipinda na utapasuka mapema. Wala bushi za mpira zisipakwe grisi, maana mafuta hulainisha mpira na kuuharibu. Grisi ni ya zile bushi za chuma zenye chuchu ya kutilia grisi.

Bapa lililovunjika lisiungwe kwa kuchomelewa. Chuma cha springi kimepikwa kwa moto wa kipimo maalumu ndipo kikapata kunesa kwake. Moto wa kuchomelea huondoa sifa hiyo, na bapa huvunjika tena kando ya kiungo. Badilisheni, na ikiwezekana badilisheni pande zote mbili pamoja, ili gari likae sawa.

Na sasa juu ya kuongeza mabapa. Wengi hudhani kwamba bapa la ziada hulifanya gari lichukue zaidi. Si kweli. Ekseli, beringi, matairi, chesisi na breki vimebaki vile vile. Isitoshe, baadhi ya pikapu zina kijiti kinachounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki iliyo juu yake. Gari likishuka kwa mzigo, kijiti husogea na vali huongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua gari kwa mabapa ya ziada, vali hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma hupungua nguvu siku ile ile uliyojaza magunia. Kwa nchi ya vilima na mabonde kama Pemba, hilo si jambo dogo.

MZIGO NDIO MZIZI

Springi njema huuawa na hesabu mbovu. Karafuu mbichi ni nzito: karibu kilo tatu za mbichi hutoa kilo moja ya kavu. Keri iliyotengenezwa Japani kwa kanuni za magari madogo ya nchi hiyo imekusudiwa mzigo usiozidi kilo 350, yaani kama frasila 22. Basi anayetarajia kilo 350 za karafuu kavu atachukua kutoka shambani kama kilo 1,050 za mbichi, nazo ni safari tatu za keri, wala si moja. Tena, watu sita wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 360. Hao peke yao wamekwisha kulizidi gari kabla ya gunia la kwanza kupakiwa. Mahali pa mzigo si mahali pa watu, na mchumaji aliyekaa juu ya magunia hana cha kushika ekseli ikihama.

Magunia yapangwe karibu na kichwa cha gari na sawa kulia na kushoto, wala yasirundikwe mkiani. Mzigo wa mkiani huinua mbele, na usukani huwa mwepesi kama wa mtu aendaye juu ya matope.

Twawashauri wanachama kuyafanya haya mara mbili kwa mwaka: wiki mbili kabla ya msimu, ili pawe na nafasi ya kupata vipuri, na mara moja katikati ya msimu. Andikeni vipimo katika daftari la gari. Namba zilizoandikwa mwaka huu ndizo zitakazowaambia mwaka ujao kama springi imeshuka. Na mkimpelekea fundi, msimwambie "ongeza bapa." Mwambieni mlichokiona, kisha mwulizeni swali moja: kwa nini limevunjika? Fundi mwema atalipenda swali hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yasomeni haya pamoja na madereva wenu.

1. Gari limelala kushoto. Ni kitu gani cha kwanza cha kutazama, kabla ya springi?
2. Kwa nini bapa huvunjika katikati yubolti zikilegea?
3. Kwa nini gari hugeuzwa na kupimwa mara ya pili?
4. Yubolti mpya hukazwa mara ngapi, na mara ya mwisho ni lini?
5. Unatarajia kilo 700 za karafuu kavu na unayo keri moja. Safari za kutoka shambani zitakuwa ngapi?

Aliyeweza kujibu yote bila ya kurudi nyuma na ashike tochi na futi yake leo, maana karafuu zikiwiva hazingoji gari lipone.